Kutibu mzizi wa jino: maswali tunayoulizwa kitini

Natibu meno Dar es Salaam. Maswali haya mengi nimeulizwa na watu walio kwenye kiti, baadhi yao wakiyaandika kwenye simu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa pamba. Nimeyaacha katika lugha yao.

Kutibu mzizi ni kufanya nini hasa?

Jino si jiwe. Nje lina ganda gumu jeupe, chini ya ganda kuna tabaka la umanjano, na katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na neva. Nyama hiyo ndiyo kiini cha jino, nayo hushuka hadi kwenye ncha za mizizi kupitia mifereji myembamba. Bakteria wakifika humo, kwa tundu la kuoza, kwa ufa au kwa pigo, kiini huvimba. Mguu ukivimba ngozi inatanuka. Kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kutanukia, na ndiyo maana maumivu yake humfanya mtu mzima alie.

Tunachofanya ni kufungua jino kwa juu, kutoa kiini kilichoharibika, kusafisha na kupanua mifereji, kisha kuijaza na kuifunga. Jino linabaki mahali pake. Wengi huita ruti kanali. Wengine husema “kuua neva”, na jina hilo silipendi, maana mara nyingi neva huwa imeshakufa yenyewe kabla mgonjwa hajafika.

Nitajuaje kama jino langu limefikia huko?

Jino linalostuka ukinywa soda ya baridi na kutulia papo hapo huenda linahitaji kuzibwa tu. Linalonipa wasiwasi ni lile linaloendelea kuuma muda mrefu baada ya chai kumezwa, au linalokuamsha saa nane usiku bila kuguswa na kitu. Ukilala linapwita, ukikaa linapungua, kwa sababu ukilala damu huelekea kichwani kwa wingi na shinikizo ndani ya jino huongezeka. Wapo wanaoingia wameshika chupa ya maji ya barafu, wanapiga funda kila baada ya dakika moja kwa sababu ubaridi ndio pekee unaowatuliza. Mgonjwa wa chupa huwa ameshajieleza kabla sijamuuliza.

Dalili nyingine hazina kelele: kipele kwenye fizi kinachotoa usaha wa chumvichumvi, kinapotea, kinarudi, au jino la mbele linalogeuka rangi ya kijivu miaka kadhaa baada ya kuanguka na baiskeli. Hapo nitenganishe jambo moja. Watu waliokulia Arusha, kuzunguka Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wana meno ya kahawia kwa sababu ya madini ya floridi kwenye maji waliyokunywa utotoni. Rangi hiyo peke yake si ugonjwa wa mzizi, na usikubali mtu akuanzishie matibabu ya mzizi kwa kuitazama tu.

Magego ya juu nayo hudanganya. Mafua makali yakiziba uwazi ulio juu ya taya, magego mawili matatu huuma kwa pamoja na hakuna hata moja lililooza. Kwa hiyo kabla ya kufungua jino lolote tunaligonga, tunalipima kwa baridi, na tunapiga picha.

Lilinitesa wiki nzima, sasa limenyamaza. Si limepona?

Hapana, na kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Kiini kilichovimba hakirudi nyuma kikishavuka hatua fulani. Kinakufa. Kikishakufa, neva iliyokuwa inapiga kelele haipo tena, na mtu anasema “nilisukutua na maji ya chumvi, likaacha”. Chumvi haikufanya lolote. Sasa chumba kile ni mzoga uliofungiwa ndani, bakteria wanakula na kuzaana, na sumu zao zinapenya kwenye ncha ya mzizi hadi ndani ya mfupa. Kwenye picha ya eksirei unaliona doa jeusi kuzunguka ncha: hapo mfupa umeshaliwa.

Kimya hicho kinaweza kudumu miezi, hata miaka. Kisha siku moja, mara nyingi mtu akiwa na homa au amechoka na safari, shavu linavimba usiku mmoja. Mama mmoja muuza chapati aliniambia alikuwa ametafuna upande wa kushoto kwa miaka miwili “kwa mazoea tu”. Upande wa kulia, gego la chini lilikuwa ganda tupu. Halikuwa likiuma kabisa.

Nimetumia amoksilini na Flagyl, uvimbe ukaisha. Bado nahitaji matibabu?

Bado. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Kidonge kinapunguza wadudu waliotoka nje ya mzizi, hakigusi kiota chao. Ukimaliza dozi wanatoka tena, na safari hii huenda wamezoea dawa. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kikisema kwamba kwa maumivu mengi ya aina hii antibayotiki hazihitajiki, kinachohitajika ni kulishughulikia jino lenyewe. Tunaandika dawa pale uvimbe unaposambaa au mgonjwa anapokuwa na homa.

Najua duka la dawa liko karibu kuliko kliniki. Kwa kutuliza maumivu ukisubiri miadi, panadol au ibuprofeni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha kwa wengi, ilimradi huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito kwa hiyo ya pili. Kidonge kimezwe. Nimeshaona fizi nyeupe, zimebabuka, kwa sababu mtu aliweka aspirini juu ya jino akasubiri iyeyuke.

Na karafuu?

Karafuu ina mafuta yanayoitwa yujenoli, na yanatia ganzi kidogo kweli. Ile harufu unayoikuta ukiingia kliniki ya meno ndiyo hiyo hiyo: mafuta hayo tunayachanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Mgonjwa mmoja kutoka Pemba aliwahi kuvuta pumzi mlangoni akasema, “Huku mnaanika nini?” Basi bibi hakukosea, ila karafuu inatuliza tu, haisafishi mfereji. Na mafuta yake makali ukiyamimina moja kwa moja yanachoma nyama ya mdomo.

Inauma?

Ganzi ikishika, unasikia kuguswa na kutikiswa, husikii maumivu. Kuchoka taya kwa kuacha mdomo wazi ndilo lalamiko la wengi. Sifa mbaya ya matibabu haya imetokana na maumivu waliyokuja nayo watu, na kwa haki kabisa imetokana pia na meno yaliyofunguliwa kabla ganzi haijakolea.

Kuna hali moja ngumu nisiyoificha: gego la chini lililowaka moto. Nyama iliyovimba ina tindikali, na tindikali hupunguza nguvu ya ganzi. Mgonjwa mdomo umekufa nusu, lakini nikigusa jino anaruka. Hapo tunaongeza sindano mahali pengine, kando ya mzizi au ndani ya mfupa, na tunasubiri. Inua mkono wa kushoto ukisikia maumivu. Daktari asiyesimama ukiinua mkono, shuka kwenye kiti.

Mnafanyaje, na inachukua muda gani?

Jino la mbele lina mfereji mmoja kwa kawaida, na linaweza kumalizika kwa saa moja au pungufu. Magego ni habari nyingine. Gego la chini lina mifereji mitatu au minne. Gego kubwa la kwanza la juu nalo mara nyingi lina wa nne uliojificha, mwembamba kama uzi, na huo ukiachwa ndio unaorudisha ugonjwa. Hesabu saa moja na nusu, au ziara mbili. Kama kuna usaha mwingi tunaweka dawa ya chokaa ndani, tunaziba kwa muda, na unarudi baada ya wiki moja au mbili.

Baada ya ganzi tunalivisha jino kipande cha mpira chembamba kilichotobolewa tundu, jino linachungulia peke yake kama kichwa kwenye fulana. Mpira huo ulianza kutumiwa na Sanford Barnum huko New York mwaka 1864 na hadi leo haujapata mbadala. Unazuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye jino, na unazuia vifaa visianguke kooni. Baadhi ya wagonjwa wanauogopa kwa kudhani watakosa hewa. Unapumua kwa pua kama kawaida. Ukiona mtu anakutibu mzizi bila mpira huo, una haki ya kuuliza kwa nini.

Halafu zinakuja tupasi nyembamba, sindano zenye meno ya msumeno. Namba 10, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza au ya pili kuingia, ncha yake ina unene wa milimita 0.10. Nayo inapita kwenye mfereji uliopinda wa gego lenye urefu wa milimita 20 na kitu. Kijimashine chenye waya mmoja ukining’inia mdomoni hutuambia ncha imefika wapi. Zile “pip, pip, piiip” unazosikia ni hicho, si moyo wako. Katikati ya kila tupasi tunaosha mfereji kwa dawa ya klorini, jamaa ya Jik ya kufulia, na ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwa sababu tupasi hazifiki kila kona. Ukionja ladha ya bwawa la kuogelea, sema haraka, maana mpira unavuja.

Mwisho tunajaza kwa gata-pacha, utomvu wa mti wa kule Malaysia na visiwa jirani, ndugu wa mpira. Katika karne ya 19 utomvu huo huo ulifunika nyaya za telegrafu, simu za maandishi, zilizolazwa chini ya bahari, kwa sababu maji hayaupenyi. Ndani ya jino unafanya kazi ile ile.

Kwa nini nisiling’oe tu, nimalize?

Wakati mwingine ni kweli ung’oe. Jino lililovunjika hadi chini ya fizi, au lililopasuka kwenda mzizini, au linalocheza kwa ugonjwa wa fizi, nitakuambia usitupe hela yako.

Lakini “nimalize” lina hesabu yake. Baada ya gego kung’oka, la nyuma yake huegemea mbele taratibu na la juu hushuka kutafuta mwenzake. Chakula kinaanza kukwama palipokuwa hapakwami. Kuweka jino la bandia la kuchimbiwa kwenye mfupa ni ghali zaidi ya kulitibu lako, na lile la kuvaa na kuvua kila mtu aliyenalo ana hadithi ya kulisahau kwenye glasi. Na ukweli mwingine: kwenye zahanati nyingi huduma ya meno iliyopo ni kung’oa, basi. Mtu akiambiwa “hili la kung’oa”, mara nyingi maana yake ni “hapa hatuna cha kufanya zaidi”. Omba rufaa kabla ya kukubali.

Kwa nini bei zinatofautiana sana?

Kwa sababu kila kliniki inahesabu tofauti: nyingine kwa jino, nyingine kwa mfereji, na picha, ujazo wa mwisho na kofia, yaani ganda gumu linalofunika jino lote kwa juu, vinaweza kuwa ndani au nje ya bei. Uliza swali moja: “Mpaka nitafune, jumla ni kiasi gani?” Bima nazo zinatofautiana, wengine wanalipia mzizi na kuacha kofia. Pata kibali chao kabla ya kukaa kitini. Na hakikisha anayekutibu amesajiliwa, Tanzania kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kwa KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno.

Kofia ni lazima? Maumivu yameshaisha.

Hapa ndipo ninapopoteza meno mengi, na hapa tena kimya ndicho kinachodanganya. Gego lililotibiwa limebaki kuta nne na shimo katikati. Haliumi hata kidogo, kwa hiyo mtu anasema atarudi mwisho wa mwezi. Miezi mitatu baadaye anaingia na kitambaa mkononi, ndani yake nusu ya jino. “Nilikuwa nakula mahindi ya kuchoma tu, daktari.” Ukipasuka ufa wa namna hiyo kwenda chini, mizizi safi kabisa inang’olewa.

Kwa gego, kofia au ujazo unaofunika vilele vyote ni sehemu ya matibabu, na ujazo wa muda hautakiwi kukaa zaidi ya wiki chache; mate yakivuja, wadudu wanarudi ndani. Jino la mbele lenye tundu dogo mara nyingi huzibwa tu bila kofia. Kama hela ya kofia haipo sasa, sema wazi. Tunaweza kupunguza urefu wa jino na kulijenga kwa namna ya kulilinda, huku ukijipanga.

Baada ya matibabu linauma nikitafuna. Mmekosea?

Siku mbili tatu za uchungu ni kawaida, mfupa unapoa. Kama jino linagusa kabla ya mengine ukifunga mdomo, njoo tulisawazishe, kazi ya dakika tano. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au uvimbe mpya, piga simu siku hiyo hiyo.

Matibabu yanaweza kushindwa?

Ndiyo. Meno mengi, zaidi ya manane katika kumi, huwa bado yapo mdomoni miaka kadhaa baadaye, lakini si yote. Mfereji uliofichika, ujazo uliovuja, ufa usioonekana. Jino lililoshindwa mara nyingi linaweza kurudiwa, au ncha ya mzizi ikakatwa kwa upasuaji mdogo. Tupasi pia huvunjika wakati mwingine ndani ya mfereji uliopinda. Kipande kikibaki si lazima kiwe balaa, kama mfereji ulikuwa umeshasafishwa, ila daktari anatakiwa akuambie siku hiyo hiyo na aandike kwenye faili.

Nimeona video inasema jino lililotibiwa mzizi huleta saratani.

Hadithi hiyo ni kongwe kuliko intaneti. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Weston Price wa Marekani alifanya majaribio kwa sungura na kudai kwamba meno yaliyotibiwa husambaza magonjwa mwilini. Watu wakang’olewa meno mazima kwa maelfu. Waliorudia majaribio yake kwa uangalifu zaidi hawakupata alichokipata, na fikra hiyo ikaachwa. Hakuna ushahidi kwamba matibabu ya mzizi huleta saratani. Jino bovu lisilotibiwa ndilo lenye usaha kila siku.

Nina ujauzito. Nina sukari. Natumia dawa ya kuyeyusha damu.

Mjamzito anatibiwa. Miezi ya katikati ndiyo rahisi kwake, lakini maambukizi hayasubiri, na ganzi ya lidokeini inatumika kwa usalama. Picha moja ndogo ya jino ina mionzi kidogo mno. Dawa za jamii ya tetrasaikilini ndizo za kukataa, hutia madoa meno ya mtoto aliye tumboni.

Mwenye kisukari asije na njaa. Ale na atumie dawa zake kama siku zote. Sukari isiyodhibitiwa inachelewesha mfupa kupona. Mwenye kutumia wofarini asiiache mwenyewe. Kutibu mzizi kunatoa damu kidogo kuliko kung’oa, na kwake mara nyingi ndiyo njia bora. Mwenye vali ya moyo ya bandia aseme mapema, anahitaji antibayotiki kabla hatujaanza.

Jino la utoto nalo linatibiwa?

Ndiyo, kwa njia fupi zaidi, kwa sababu linashika nafasi ya jino litakalofuata. Na kwa kuwa tuko kwenye watoto: zile fizi nyeupe za mtoto mchanga anayeharisha, wanazoita meno ya nailoni, si ugonjwa. Ni meno yanayojiandaa kuota. Kuyachokonoa kunaharibu meno na kumeua watoto.

Ramadhani naweza kutibiwa nikiwa nimefunga?

Hukumu ya saumu muulize shehe wako. Upande wangu ni huu: ganzi haina lishe, na mpira hupunguza sana maji yanayofika kooni, lakini siwezi kukuahidi tone lisipite. Wengi hupanga baada ya futari. Mwenye uvimbe hatusubiri Idi.

Lini niende hospitali usiku huo huo?

Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ulimi ukiinuka, ukishindwa kumeza mate, sauti ikibadilika, pumzi ikiwa nzito, au jicho likifunga kwa uvimbe. Usiende duka la dawa, usisubiri kliniki ifunguliwe, nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu. Jipu la jino la chini likisambaa pande zote mbili chini ya ulimi linaweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache. Vijana wenye afya wanakufa kwa hili.

Nije na nini siku ya kwanza?

Uwe umekula na kupiga mswaki. Beba pakiti za dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, na picha yoyote ya zamani ya jino hilo. Usimeze diklofenaki asubuhi hiyo kama unaweza kuvumilia. Likiwa limenyamazishwa na dawa nashindwa kujua ni jino lipi, na kuna siku mtu alinionyesha kwa kidole jino la juu kumbe mkosaji alikuwa chini.